Lugha bila bendera: mwongozo kwa watengenezaji wa mabango, fomu na tovuti wa Lubumbashi

Menyu ya hoteli, mashine ya kutolea pesa, fomu ya kituo cha afya, bango la shule ya lugha, ukurasa wa wavuti: vyote hivi vikitaka kumwambia mtu "chagua lugha yako", mara nyingi hutumia bendera. Ya Ufaransa kwa Kifaransa, ya Uingereza kwa Kiingereza, ya Tanzania au Kenya kwa Kiswahili. Ni rahisi, ina rangi, haili nafasi. Lakini katika mji kama wetu bendera humpoteza mteja, na mara nyingine humuumiza.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yako wewe unayetengeneza vitu hivyo: mchora mabango wa Kamalondo, mchapaji wa mjini kati, kijana anayeunda tovuti kwa kompyuta ya kuazima, muuguzi aliyeambiwa aandae fomu mpya za mapokezi. Nami nafanya kazi hiyohiyo. Ninachomwambia kila mteja ni kwamba bendera ni ya dola, lugha ni ya wanaoisema. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, wakati mji ukiitwa Elisabethville na bendera ya mkoloni ikipepea. Kikasemwa chini ya bendera ya uhuru ya 1960, chini ya ile ya Katanga iliyojitenga, chini ya ile ya kijani ya Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Leo kinasemwa chini ya ile ya samawati yenye nyota ya manjano na mstari mwekundu wa mshazari, iliyowekwa na katiba ya 2006. Muda wote huo watu wa Katuba na Kenya, komini mbili za mji wetu, wameendelea kusema lugha yao.

Hatua ya 1: Jiulize unaonyesha nchi au lugha

Usianze kwa kufuta bendera zote, maana kuna zilizo mahali pake. Wakala wa forodha wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anayetenganisha faili za malori ya Zambia, Tanzania na Afrika Kusini kwa bendera anaonyesha nchi, na bendera inamsaidia kweli. Mbadilisha pesa anayeandika bei ya kwacha kibaoni vilevile. Orodha ya kuchagua nambari ya simu, +243 au +260, ni ya nchi. Tangazo la mechi ya Leopards, timu yetu ya taifa, weka bendera, tena kubwa.

Kipimo ni hiki: ondoa bendera, andika neno mahali pake. Neno likiwa "Zambia", acha bendera yako. Neno likiwa "Kibemba", endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Orodhesha lugha za watu wanaoingia mlangoni, kisha ujaribu kuzipa bendera

Usiorodheshe lugha kwa sababu zinapendeza kwenye bango. Kaa mapokezi asubuhi moja usikilize watu wanavyoongea na watoto wao, si wanavyoongea na karani. Kwenye kituo cha afya cha Lubumbashi utasikia Kiswahili na Kifaransa, lakini pia Tshiluba, Kiluba, Kibemba, Lingala, Kisanga, Kilunda, Kichokwe. Kiingereza utakisikia kwa Wazambia, Kireno kwa waliotoka Angola, Kichina kwa watu wa migodini na madukani, Kigujarati kwa baadhi ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi.

Sasa chukua kalamu, weka bendera mbele ya kila lugha. Zoezi hili ninalifanya na wateja mezani, kwa sababu linashawishi kuliko maelezo yoyote.

Anza na Kifaransa, kinachoonekana chepesi. Bendera ya Ufaransa? Sisi hatukupata Kifaransa kwa Wafaransa. Kililetwa na utawala wa Wabelgiji, na Ubelgiji yenyewe ina lugha rasmi tatu: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Leo Kongo ina watu wengi kuliko Ufaransa, na Kifaransa ndiyo lugha yetu rasmi kwa mujibu wa katiba. Mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayeandika tasnifu yake kwa Kifaransa hana haja ya kupita Paris ili aisome tovuti ya chuo chake.

Kiswahili je? Ukiweka ya Tanzania, Mkenya atakuuliza mbona katiba yake ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Na mama wa Rwashi atakuambia waziwazi, kama nilivyoambiwa nikionyesha kazi ya mtu mwingine: "Hii drapo haiko yetu." Basi weka ya Kongo? Katiba yetu, kifungu cha kwanza, inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Ukikipa Kiswahili bendera ya nchi, zile tatu utazipa nini? Mtu wa Kinshasa akiiona bendera ya Kongo atatarajia Lingala au Kifaransa, na ana haki. Tena Lingala yenyewe inasemwa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville. Kikongo kimevuka hadi Angola.

Hapa ndipo mtu hushika wazo ambalo ni lazima nilizuie mapema: kutumia bendera ya Katanga kwa ajili ya "Kiswahili cha kwetu". Ni ile yenye nyekundu, kijani na nyeupe, na misalaba mitatu ya shaba. Usithubutu. Bendera hiyo ni ya dola iliyotangazwa na Moïse Tshombe tarehe 11 Julai 1960 ikamalizwa Januari 1963, na haijawa picha ya makumbusho tu. Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi linalotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi nayo, na watu walikufa. Mchapaji anayeiweka kwenye kitufe cha lugha anamweka mteja wake, na pengine yeye mwenyewe, mbele ya maswali ya polisi. Anamwambia pia kila mtu wa Kasai aliyezaliwa hapa, anayesema Kiswahili kama jirani yake, kwamba lugha hiyo si yake.

Kibemba. Bendera ya Zambia? Kibemba kinasemwa pande zote mbili za mpaka, na Zambia yenyewe, ambako lugha rasmi ni Kiingereza, ina lugha saba za mikoa zinazotambuliwa shuleni na redioni: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Msemaji wa Kilozi akiona bendera ya nchi yake kisha akakuta Kibemba, amepotea. Mwanamke wa Sakania, upande wetu wa mpaka, anayesema Kibemba tangu utotoni akiambiwa aguse bendera ya Zambia, umemhamisha nchi. Kilunda kiko Kongo, Angola na Zambia, kwa hiyo una bendera tatu kwa lugha moja.

Ukifanya kazi kwa ajili ya Goma au Bukavu, jambo hili si la mapambo hata kidogo. Kuna Wakongo wa Rutshuru na Masisi ambao lugha yao ya mama ni Kinyarwanda. Ukiweka bendera ya Rwanda mbele ya lugha hiyo kwenye fomu ya hospitali au ya shule, umemlazimisha mgonjwa kujibu swali la uraia kabla hajasema anaumwa wapi. Katika Kivu swali hilo limemwaga damu. Andika "Kinyarwanda" kwa herufi, ukomee hapo.

Lugha za wageni hazina nafuu. Kireno: Ureno, Brazili au Angola? Kwetu wengi wanaokisema wametoka Angola. Kiingereza: Uingereza, Marekani, au Zambia ambako ndiko tunakokikuta? Kiarabu ni lugha rasmi ya nchi zaidi ya 20, na bendera ya Saudi Arabia ina shahada ya Kiislamu, hivyo haifai kuchapwa kwenye karatasi itakayokanyagwa au kutupwa. India inataja lugha 22 katika jedwali la nane la katiba yake. Mfanyabiashara wa Kigujarati na mwenzake wa Kihindi wana bendera moja na lugha mbili.

Mteja akifika hapa, mara nyingi anaweka kalamu chini mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika jina la lugha kwa lugha yenyewe

Hii ndiyo kazi yote, na zilizobaki ni za kuilinda. Kila lugha iandike kama wenyewe wanavyoiandika:

Kiswahili, Français, Lingála, Tshiluba, Kiluba, Icibemba, English, Português, 中文, العربية

Usiandike orodha nzima kwa Kifaransa. "Chinois" haimsaidii msimamizi wa mgodi asiyejua Kifaransa, na yeye ndiye hasa aliyehitaji kitufe. Akiona 中文 jicho lake linasimama hapo hata kama ukurasa mzima ni msitu kwake.

Kuna mitego ya kwetu. Usiandike "Luba" peke yake kamwe. Tshiluba ni lugha ya Kasai, Kiluba ni ya Katanga, na ni lugha mbili tofauti. Kuzichanganya katika mji huu, ambamo familia nyingi za Kasai zilifukuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, si kosa la uchapaji tu. Tshiluba wengine huandika Ciluba, na zote mbili zinasomeka. Muulize mtu atakayeisoma, kisha ushike tahajia moja tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Kwa Kilunda uliza msemaji ametoka wapi: mtu wa Kapanga atakuambia lugha yake ni Uruund, na haifanani na Kilunda cha upande wa Zambia. Kikongo nacho uliza kama unaandika Kikongo cha vijijini mkoani Kongo-Kati au kile cha mijini wanachokiita Kikongo ya Leta.

Kiswahili kikihitaji kutenganishwa, tenganisha kwa maneno. Tovuti yenye toleo la Tanzania na toleo la Kongo iandike "Kiswahili (Tanzania)" na "Kiswahili (Kongo)". Ikiwa una toleo moja tu, andika "Kiswahili", usiongeze kitu. Hata hivyo, mwongozo wa dawa au mkataba wa nyumba uandike kwa Kiswahili ambacho mtu wa Katuba anakielewa, hata kama unafuata sanifu. Jina zuri kwenye kitufe halitaokoa maandishi ambayo hakuna anayeyasema.

Kwa Kichina na Kiarabu, hakikisha fonti yako ina herufi hizo na faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote. Ukiona visanduku vitupu kwenye skrini, fonti haina. Kichina kina namna mbili za kuandika: 简体中文 ni iliyorahisishwa, inayotumika China bara, 繁體中文 ni ya kale, inayotumika Taiwan na Hong Kong. Muulize mteja wako wageni wake wanatoka wapi, halafu andika jina kamili.

Hatua ya 4: Weka kitufe mahali ambapo mtu aliyepotea atakiona

Juu, upande wa kulia kwenye skrini. Juu kabisa kwenye fomu. Kisifichwe ndani ya menyu ndani ya menyu nyingine. Kumbuka anayekitafuta ni mtu ambaye haelewi chochote kilichoandikwa pale.

Lugha zikiwa mbili au tatu, ziandike zote wazi, bila kitufe cha kufungua. Zikiwa nyingi, tumia picha ya tufe la dunia pamoja na maneno "Langue / Lugha". Tufe peke yake wengine hulidhani ni intaneti, kwa hiyo liambatane na maneno. Lugha inayosomwa kwa sasa ipe wino mzito au mstari chini.

Mpangilio ni wa kuamua mapema pia. Mimi naanza na lugha inayosemwa na wengi wanaoingia mlangoni, kisha zilizobaki kwa alfabeti. Kuiweka lugha ya wageni juu ya lugha ya wenyeji kwenye kituo cha afya cha mtaani sikubali, na mteja akinilazimisha nauliza sababu.

Hatua ya 5: Misimbo ndani ya tovuti, na jinsi bendera za ajabu zinavyotokea

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo kazi nzuri huharibika bila mtu kujua.

Kila lugha ina msimbo wa kimataifa wa herufi mbili au tatu. Kila nchi nayo ina msimbo wake wa herufi mbili. Ni orodha mbili tofauti, lakini zinafanana kwa sura. Kifaransa ni fr na Ufaransa ni FR, ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja. Programu-jalizi nyingi za kubadilisha lugha zimeundwa kwa dhana hiyo: unaipa msimbo wa lugha, yenyewe inakuletea bendera ya nchi yenye msimbo ule.

Sasa ipe lugha zetu. Kiluba cha Katanga ni lu. LU upande wa nchi ni Luxembourg. Kikongo ni kg. KG ni Kirigizistani, nchi ya Asia ya Kati. Basi tovuti inayojitangaza kuhudumia watu wa Malemba-Nkulu inafunguka ikiwa na nyekundu, nyeupe na buluu ya Luxembourg kando ya neno Kiluba, na mtu wa Matadi anaambiwa aguse bendera nyekundu yenye jua la manjano ambayo hajawahi kuiona. Kiswahili ni sw, na hakuna nchi yenye SW, kwa hiyo pale panabaki picha iliyovunjika. Lingala ni ln, nayo haina nchi. Mtengenezaji akiona picha imevunjika anaichomeka ya Tanzania kwa mkono, na tumerudi tulikotoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua mipangilio ya programu-jalizi, tafuta sehemu ya bendera, izime. Nyingi zina chaguo la kuonyesha jina tu. Kisha andika misimbo sahihi:

Kiswahili sw, au sw-CD ukitaka kusema wazi kuwa ni cha Kongo, Kifaransa fr, au fr-CD, Lingala ln, Tshiluba lua, Kiluba lu, Kikongo kg, Kibemba bem, Kilunda lun, Kinyarwanda rw.

Usikate herufi ya tatu. Ukiifupisha lua kuwa lu umeigeuza Tshiluba kuwa Kiluba, yaani kosa lilelile la hatua ya 3, safari hii ndani ya mashine ambamo hakuna anayeliona. Na CD ni msimbo wa nchi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Si lugha, hivyo hausimami peke yake mahali pa lugha.

Misimbo hii iweke kwenye sifa ya lang ya ukurasa, kwa mfano lang="sw", na kwenye sifa ya hreflang ya kila kiungo kinachoelekea toleo jingine. Kazi yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Programu inayomsomea kipofu huchagua sauti kwa kuutazama msimbo ule. Ukurasa wa Kiswahili uliobaki na lang="fr", kwa sababu ulinakili kiolezo cha Kifaransa, utasomwa kwa matamshi ya Kifaransa, na msikilizaji hataambulia kitu. Bendera ikiwa picha, programu hiyohiyo itamwambia "bendera ya Ufaransa", au isimwambie lolote kama hukuweka maelezo.

Emoji za bendera ziepuke hata kwa mzaha. Zimeundwa kwa herufi mbili za msimbo wa nchi zilizounganishwa, na kwenye kompyuta za Windows vivinjari vingi havichori bendera: vinaonyesha herufi tupu, FR, TZ, CD. Ukiunda ukurasa kwa simu utaona rangi, lakini karani wa ofisini ataona herufi.

Katika haya hatuko peke yetu. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, nalo linashauri bendera zisitumike kuonyesha lugha.

Hatua ya 6: Usikisie lugha kwa mahali

Kuna tovuti zinazotazama anwani ya intaneti ya mtu, zikaamua yuko nchi gani, kisha zikamchagulia lugha. Ni kosa lilelile la bendera, ila limefichwa. Simu ya mtu wa Goma aliye karibu na mpaka inaweza kudaka mtandao wa Rwanda, na ya dereva aliyepanga foleni Kasumbalesa ikadaka wa Zambia. Wote wawili ni wasomaji wako wa Kiswahili.

Kivinjari cha kila mtu hutuma orodha ya lugha alizozichagua mwenyewe kwenye simu yake. Ifuate hiyo kama pendekezo la kwanza tu, kwa kuwa wengi huiacha simu kama ilivyotoka dukani. Mtu akishachagua kwa kidole chake, kumbuka chaguo lake, usimwulize tena kila ukurasa.

Hatua ya 7: Kwenye karatasi, fikiria fotokopi

Fomu unayoichapa leo kwa rangi, kesho itapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na kesho kutwa fotokopi ya fotokopi. Bendera ya Ufaransa inakuwa mistari mitatu ya kijivu iliyosimama. Ya Ubelgiji ni hivyohivyo, ya Italia ni hivyohivyo, ya Rumania na Chadi hazitofautiani sana hata zikiwa na rangi zake. Ireland na Côte d'Ivoire zina rangi zilezile zilizogeuzwa. Chukua fomu yako, ipige fotokopi mara mbili, kisha mpe mtu asiyeijua. Herufi nzito za "Kiswahili" zitakuwa bado zinasomeka.

Kwenye beji za mikutano, badala ya kumvalisha mkalimani vibendera vitatu kifuani, andika "Ninasema: Kiswahili, Français, Tshiluba". Vibendera vimewahi kumfanya Mkongo aulizwe ametoka Tanzania sehemu gani.

Hatua ya 8: Kwa wasiosoma, tumia sauti

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa bendera ni hii: watu wengine hawajui kusoma, na picha itawasaidia. Naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa watu wanaowajali wagonjwa wao. Lakini fuata njia hadi mwisho. Bibi asiyesoma akigusa bendera, anafika wapi? Kwenye ukurasa wa maandishi. Bendera imemfungulia mlango wa chumba ambacho hawezi kukitumia.

Anachohitaji ni sauti. Kwenye simu ya huduma, rekodi kila lugha kwa mdomo wa mtu aliyezaliwa nayo: "Kwa Kiswahili, bonyeza moja", kisha sauti nyingine: "Pour le français, appuyez sur deux." Kila sentensi iwe kwa lugha inayotajwa, usiseme orodha nzima kwa Kifaransa. Anza na lugha ya wengi, na acha kimya kifupi katikati ili mtu apate muda wa kuipata namba.

Kwenye kompyuta kibao ya mapokezi, weka kitufe kikubwa chenye picha ya sikio au spika kando ya kila jina la lugha; ukikigusa kinasema "Karibu, tutaongea Kiswahili." Rekodi chumbani penye mapazia, mbali na jenereta. Simu ya kawaida inatosha ukiishika karibu na mdomo, ila zima matangazo ya ujumbe kwanza. Na kama hakuna kompyuta wala umeme, mfundishe mtu wa mapokezi kuuliza swali hilo moja kwa kila lugha ya kwenye orodha yako. Maneno machache kwa lugha saba yanashikika kwa juma moja, na mgonjwa akisikia lugha ya kwao anatulia hata kabla hajajibu.

Hatua ya 9: Mteja akiing'ang'ania bendera

Itatokea. Mama mmoja mwenye mgahawa aliniambia: "Papa, watu wanapenda rangi. Ukitoa drapo, menyu itaonekana masikini." Alikuwa na haki kuhusu rangi. Nilimpa rangi: kila lugha na utepe wake pembeni mwa ukurasa, chungwa kwa Kiswahili, zambarau kwa Kifaransa, kahawia kwa Kiingereza, zote zikiwa rangi ambazo hazikutoka kwenye bendera ya nchi husika. Majina ya lugha tukayaandika kwa herufi za kuchora kwa mkono, kama zile za mabango ya zamani ya Kamalondo. Menyu ilipendeza, na mhudumu anaitofautisha kwa mbali.

Mteja akikataa kabisa, mpe ngazi za kushuka. Kwanza: jina la lugha liwe kubwa, bendera ndogo pembeni, na jina libaki hata bendera ikifutwa. Pili: bendera isiwe yenye ugomvi. Ya Katanga ni marufuku, na ya jirani haiwekwi kwa lugha ambayo ni ya mama kwa Wakongo. Tatu: kama kampuni kweli ina matawi ya nchi mbalimbali, panga kwa nchi kwanza, lugha baadaye. Bendera ya Kongo, chini yake Français na Kiswahili. Bendera ya Zambia, chini yake English na Icibemba. Hapo bendera imerudi kwenye kazi yake ya halali.

Asipokubali hata hilo, mimi kazi ya fomu za hospitali na shule naiacha. Ya menyu naweza kuifanya.

Hatua ya 10: Ipeleke kazi kwa watu kabla ya kuichapa

Chukua nakala moja, nenda soko la Kenya, ile komini yetu, au kaa kituo cha basi. Mwonyeshe mtu, mwambie: "Tafuta lugha yako." Usimwelekeze, usimtazame usoni, tazama kidole chake. Kidole kikienda moja kwa moja, umefaulu. Kikizunguka, andika kilikozunguka. Kila lugha ya kwenye orodha iguswe na angalau msemaji mmoja, na kila jina lisomwe na mtu anayeandika lugha hiyo, kwa sababu kosa la tahajia kwenye jina la lugha ya mtu linakaa bangoni miaka.

Ukimaliza, tengeneza faili dogo la ukurasa mmoja: jina la kila lugha kama lilivyokubaliwa, msimbo wake, rangi yake kama ipo, na mahali sauti zake zilipohifadhiwa. Mpe mteja pamoja na kazi. Lugha mpya ikiongezeka, au fundi mwingine akiitwa kubadilisha tovuti, ataanzia hapo badala ya kuanza kutafuta bendera.